Kifaranga cha Kamio ya Tonton

Jumapili iliyopita dada yangu alipanda kutoka Sange, kule chini kwenye joto, na kikapu cha ndagala, dagaa wa ziwani, kichwani, na binti yake akimshika pagne, kitenge chake. Hakuwa hata amekaa. Alimsalimia koko, bibi yetu, akavua viatu, akanigeukia: "Fanya kamio." Yaani niige mlio wa lori la mjomba wetu.

Binti yake, mtoto wa kimo cha meza, mwenye senti ya zamani yenye tundu akiivaa shingoni kwa uzi mweupe, alinikazia macho. "Mama anasema weye unajua kulia sawa kamio," akasema.

Basi nikajitengeneza. Nikaweka ulimi nyuma ya meno ya juu, nikabana koo, nikasukuma pumzi. Na kikatoka kitu, rafiki yangu, ambacho sijui nikiite nini. Chura mzee aliyekanyagwa, labda. Mtoto akakimbilia nyuma ya mama yake. Dada akacheka hadi akashika ukuta.

Nina miaka kumi na sita. Sauti yangu ilivunjika mwaka jana katikati ya misa, kwenye kwaya, mbele ya Wakristo wote wa parokia, na frère, bruda anayetufundisha kuimba, mpaka leo ananitazama kana kwamba nilifanya makusudi. (Mambo mengine nafanya makusudi. Lile hapana.) Najua utasema: kijana wa miaka kumi na sita anakumbuka nini, zamani yake imeanza juzi. Kweli, ni fupi. Lakini kaa hapa kwenye benchi, nikusimulie habari za sauti ile, maana ilikuwa na kazi kubwa nyumbani kwetu, kubwa kuliko unavyodhani.

Sisi tulikaa Kadutu, mtaa mmoja wa Bukavu, mimi na dada, kwa koko, mama wa mama yetu. Mama mwenyewe alikufa nikiwa sijajua kutembea. Tonton, mdogo wake mama, alikaa nyuma ya lupango hiyo hiyo, yaani ua wetu, pamoja na mali yake yote duniani: kamio moja. Aliinunua kwa mzungu mmoja wa shamba la kinini, mti wa dawa ya malaria, upande wa Nyangezi, na mzungu huyo aliinunua kwa wanajeshi baada ya vita, kwa hiyo ilipofika kwetu ilikuwa imeona mengi na kusahau sehemu kubwa ya vyuma vyake. Tonton aliipaka rangi ya sombe, majani ya muhogo, iliyopikwa vizuri. Kila asubuhi iliondoka Kadutu na wamama wa soko, ikaenda Nyangezi kuchukua ndizi, viazi, makaa na kuku, ikarudi Bukavu saa sita. Mchana wote ilisimama sokoni ikishusha mizigo na kupoa, na jioni ikapanda tena kilima mpaka kwetu.

Bado nasikia asubuhi zile. Ukungu umetoka ziwani umekaa juu ya mabati. Koko anakohoa, anapuliza moto, moshi wa mkalitusi unaingia machoni. Nje tonton anazungusha manivela, ile chuma ya kuwashia, huku akiiomba kamio kama mtu anayeomba msamaha: mara ya kwanza hakuna kitu, mara ya pili kikohozi, halafu inakubali, na nyumba nzima inatetemeka hadi vikombe vinapigana rafuni.

Mvua za mwaka ule zilipoanza, juu ya mngurumo huo kikaongezeka kitu kipya. Chi-chi-chi-chi-chi. Kidogo, cha juu, kikali. Kifaranga kabisa.

Wamama wa soko ndio waliokisikia kwanza, tena wakakisikia kwa faida yao. Walikuwa wamepanda wote na vikapu vyao, kamio iko tayari kuondoka, mmoja akasema, "Katoto ka kuku kangu kamepotea!" Mwingine akajibu, "Kako njo kangu, kako na sauti ya mama yake!" Wakashuka. Wakashusha vikapu, magunia, na mama mmoja mnene aliyekuwa amelala tayari. Tonton akazima injini ili wasikie vizuri, kifaranga kikanyamaza. Wakatafuta chini ya mbao, hakuna. Akawasha, kifaranga kikaanza. "Unaona?" akasema yule wa kwanza. "Kanajua kujificha. Kabisa kangu."

Ilichukua muda kuwaelewesha kwamba kifaranga kiko ndani ya injini. Na walipoelewa, wakaanza kutoa dawa. Ndivyo Kadutu ilivyo: kitu kikilia, kila mtu ni daktari, na kila mmoja anasikia kazi yake mwenyewe. Fundi wa cherehani alisikia sindano kavu. Seremala alisikia msumeno. Katekista, yeye alisikia kitu kinachohitaji sala, na kwa kweli akakiombea, kofia mkononi, mbele ya radiata. Tonton mwenyewe alichukua sabuni ya koko ya kufulia akaisugua kwenye mkanda, ule mkanda mweusi wa mpira unaozungusha feni na dinamo. Kifaranga kikanyamaza mpaka kilima cha kwanza, kisha kikarudi, safi zaidi.

Tungeweza kuzoea. Kusema ukweli tulikuwa tumezoea. Jioni kamio ilipopanda kutoka sokoni, imepoa, koko alikisikia kifaranga tangu kwenye kona ya chini, akatia maji ya bugali motoni. Tonton akiingia mlangoni, bugali inageuzwa. Hatukuwa na saa ukutani. Tulikuwa na mkanda unaolia.

Tatizo lilikuwa harusi ya dada.

Alikuwa ameposwa na karani wa pamba kutoka Sange, ng'ombe walikuwa wamekwisha kutolewa, na Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima ilikuwa imepangwa. Baada ya hapo padri hafungishi ndoa mpaka Pasaka ipite, na karani alikuwa anahamishwa Uvira kwa mwaka mmoja, kabla ya Pasaka. Kumpeleka dada ilikuwa kazi ya tonton na kamio yake. Sasa koko alikuwa na sheria yake. Bibi-arusi hatoki nyumbani wakati kitu kinalia. Sijui kama ni desturi yetu sisi Bashi wote au ni ya koko peke yake. Niliwahi kuuliza wazee, nusu wakasema ndiyo, nusu wakasema unaniuliza mimi? Lakini kwa koko ilikuwa sheria. Siku mama yetu alipoolewa, koko alisema, mbuzi alilia mlangoni na hawakumjali, na tazama yaliyompata. Juu ya hilo hakuna aliyeweza kubishana naye. Mbuzi wangepelekwa kwa jirani. Watoto wachanga wa lupango wangenyonyeshwa kwanza. Na kamio?

"Mutoto yangu hatapanda mu kitu inalia," akasema koko. "Tengeneza, ao muache."

"Mama, hii iko chuma," tonton akamwambia.

"Hata chuma. Kama inalia, iko na sababu."

Na dada, mtu pekee ambaye hakupaswa kulia juma lile, akaenda kulia nyuma ya jiko.

Tonton akaamua kwenda kwa mekanisia. Huyu alikuwa mtu mkubwa wa tumbo na wa sifa, aliyefanya kazi kwenye garage moja mjini, karibu na ziwa. Injini alizisemesha kwa *vous* ya heshima, watu kwa *weye*. Tatizo: tonton aliweza kufika pale saa sita tu, akitoka Nyangezi, na saa sita kamio ilikuwa ya moto, na ikiwa ya moto hailii. Ilisimama uwanjani ikinguruma kistaarabu, kama mwanafunzi mbele ya mkuu wa shule.

"Umeniletea mugonjwa anacheka," mekanisia akasema.

"Asubuhi iko inalia, papa. Naapa."

"Basi iache ilale hapa, niisikie asubuhi."

Lakini patron, mzungu mwenye garage, akapiga kelele kutoka dirishani kwamba uwanja wake si zizi, na gari lisilo la wateja wake lisilale pale. Tukabaki tumesimama. Ndipo tonton akanishika bega akanisukuma mbele. Mimi, wakati ule, nilikuwa na miaka tisa na kipaji kimoja: kuiga. Nilimwiga padri akitafuta miwani, nilimwiga bata mzinga wa jirani, nilimwiga mwalimu wetu akipiga chafya mpaka siku moja darasa lote likasimama kumwombea heri, naye hakuwemo.

"Fanya," tonton akasema.

Nikafanya. Nikaanza na manivela, kikohozi, mngurumo. Kisha kifaranga, chi-chi-chi. Wafanyakazi wakatoka chini ya magari. Nilipoona watu, damu ikachemka. Nikaongeza mlio mrefu, wiiiiiii, nikaupandisha, nikaupindisha, nikamalizia na honi. Walipiga makofi! Mmoja alirusha kofia.

Mekanisia hakucheka. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole.

"Ile ndefu ya mwisho," akasema, "iko ya kamio, ao iko ya weye?"

Nikakubali kwamba ni yangu.

"Umetia chumvi. Sikia, mutoto. Mukanda ikilia murefu, imelegea, nakaza. Ikilia fupi-fupi, iko ingine kabisa. Nikitibu muchezo yako, yaya yako, ule bibi-arusi, atafika kilima ya Nyangezi na radiata inachemka kama chungu ya maharagi." Akainama mpaka uso wake ukafika kwangu, alinuka petroli na vitunguu. "Usiniambie inafanana na nini. Niambie inafanya nini."

Kisha akanipa maswali, kama kazi ya nyumbani. Je, inalia kamio ikiwa imesimama, au mpaka magurudumu yazunguke? Tonton akikanyaga gesi, kifaranga kinaharakisha, au kinapaza sauti tu? Inatokea upande gani? Na mwisho: tonton, si mimi, anyunyize maji kidogo juu ya mkanda, mkono mbali na feni. Inanyamaza, au inalia zaidi?

"Mukiniletea jibu ya kweli, nitakuja mwenyewe asubuhi, mbele ya kazi kuanza. Mukiniletea konsera ya kupigiwa makofi, musirudi."

Nataka uelewe kitu. Shuleni nilikuwa nimeulizwa maswali mengi: nani aliumba dunia, saba mara nane, mto mkubwa wa Ubelgiji. Yote hayo anayeuliza anajua jibu, anataka tu kuona kama utapigwa. Hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kuulizwa swali na mtu ambaye hakujua jibu. Nilirudi nyumbani nimekaa mbele kwenye kamio, sisemi, hadi tonton akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya majogoo. Kulikuwa na ukungu mzito na matope mekundu. Tonton akafungua kapo, kifuniko cha injini, akawasha. Chi-chi-chi-chi.

Imesimama, inalia. Kwa hiyo si magurudumu. "Gesi, tonton!" Akakanyaga, na kifaranga kikakimbia pamoja na injini, hatua kwa hatua, hakikubaki nyuma hata kidogo. Akaachia, kikatembea polepole. Nilisahau kucheka. Nilikuwa nikikisikia kila siku kwa miezi, nikakiiga kwa kila mtu, na kumbe sikuwahi kukisikiliza.

Upande gani, hiyo ilikuwa ngumu, maana mngurumo ulijaza kila kitu. Nikakimbia ndani nikachukua mrija wa koko, ule mrefu wa kunywea kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Nikaweka ncha moja sikioni, nyingine nikaielekeza mbali na feni, kwenye pompi ya maji. Kimya, mngurumo tu na harufu ya pombe. Nikaisogeza kwenye dinamo. Kifaranga karibu kinitoboe sikio!

"Mwizi wa mirija!" koko akapaza sauti mlangoni. Lakini aliponiona nimesimama vile, macho nimefumba, akakaribia taratibu. "Kanasema nini?" akauliza. Nikampa mrija asikilize. Wamama wa soko nao wakajipanga nyuma yake, kila mmoja anataka zamu. Yule wa kwanza, mwenye kuku, alisikiliza kwa muda mrefu, akarudisha mrija kwa huzuni. "Kweli," akasema. "Hakako kangu."

Mwisho, maji. Tonton akachovya mkono kwenye kikombe, akanyunyiza. Kikanyamaza. Pale pale, kama umefunika kwa kiganja. Wamama wakashangilia, lakini nikawanyamazisha kwa mkono, mimi mtoto, na wakanyamaza. Tukangoja. Chi. Halafu, chi... chi. Halafu chi-chi-chi, kimerudi chote.

Siku ile sikwenda shule. Nilishuka mjini kwa miguu mpaka garage, nikasimama mbele ya mekanisia mikono nyuma. Wafanyakazi wakaacha kazi wakingoja onyesho. Nikasema yote: imesimama inalia, inafuata injini, iko upande wa dinamo, maji yanainyamazisha, kisha inarudi. Kisha nikafanya sauti yenyewe. Chi. Chi. Chi. Fupi, sawasawa, bila honi. Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja aliguna akarudi chini ya gari lake.

Mekanisia akaweka ufunguo chini.

"Haikulia zaidi na maji?"

"Hapana, papa. Inanyamaza. Kisha inarudi."

"Basi haikulegea." Alitazama juu, kama anaona injini yetu hewani. "Iko puli moja, gurudumu ya mukanda, inaangalia pembeni. Kesho asubuhi, mbele ya kazi. Koko yako aniwekee chai. Na sukari, si kama kwa wamisionari."

Akaja Ijumaa, harusi ikiwa kesho yake. Kitu cha kwanza alichoomba ni uzi. Koko akamkatia uzi mweupe aliokuwa akishonea nguo ya dada. Injini imezimwa, mekanisia akauvuta ukakaza, kutoka puli ya chini, ile inayozungushwa na injini, akaupitisha kwenye uso wa ile ya feni, mpaka ya dinamo. Akaniita. "Tazama. Weye njo ulisikia, weye njo uone." Uzi ulilala kwenye puli ya kwanza na ya pili, umegusa sawasawa. Kwenye ya dinamo haukugusa. Palikuwa na nafasi ndogo, kama unene wa ukucha, na mwanga wa asubuhi ukapita pale.

Kifaranga chote kile, sala zote zile, zilitoka kwenye nafasi ile.

Akafungua bolti iliyoshika dinamo. Chini yake, pale ambapo rondeli nene, pete bapa ya chuma, ilipaswa kukaa, kilianguka kitu kidogo kwenye kiganja chake: senti ya zamani yenye tundu katikati, ya enzi za babu, isiyokubaliwa tena dukani.

"Aaa!" tonton akasema kwa furaha, kama amekutana na ndugu. "Hiyo njo rondeli yangu! Ya kweli ilipotea Nyangezi wakati wa kiangazi. Nikasema, hii pesa imekataa kazi mu duka, basi ifanye kazi mu kamio."

"Imefanya," mekanisia akasema. "Ila iko nyembamba. Dinamo imeinama, mukanda inaingia pembeni, inajisugua, inalia." Akatuonyesha ukingo mmoja wa mkanda, uliong'aa kama kiatu cha Jumapili. Akatia rondeli ya kweli, akapima tena kwa uzi, ukagusa pote. Akanywa chai yake. Kisha akamwambia tonton: "Kama unaomba msamaha, omba kwa dinamo."

Tonton akazungusha manivela. Ikakohoa, ikakubali. Tukainama wote.

Hakuna kitu. Mngurumo tu, mpana, wa kifua.

Koko akauliza, "Imekufa?"

"Hapana, koko. Inaenda."

Kesho yake mbuzi walikuwa kwa jirani, watoto wameshiba, hata mimi nilikuwa nimefungwa mdomo kwa kipande cha mkate. Dada akatoka na nguo yake nyeupe, akapanda mbele karibu na tonton. Koko alikuwa ameifunga ile senti kwenye uzi ule ule wa kupimia. Akamvika shingoni. Kamio ikaondoka polepole kwenye matope, na katika lupango nzima hakikulia kitu. Sijawahi kusikia kimya kirefu vile. Ilipopinda kona tu, koko akafunika uso kwa kanga yake, na hapo sheria ilikuwa imekwisha kutimia, akalia alivyotaka.

Na sasa ngoja nikuambie upande ambao hakuna aliyeufikiria. Jumatatu jioni tonton alirudi kutoka sokoni, akaingia mlangoni ananuka ndizi, na moto ulikuwa umezimika. Maji hayakuwa yamebandikwa. Koko alikuwa amekaa anangoja kusikia. Jumanne vile vile. "Yule wa tumbo," akasema juu ya mekanisia, "ameponya kamio, ameniharibia saa."

Basi nikapata kazi. Kila jioni nilikaa kwenye kona ya chini, na kamio ya tonton ikitokea, nilipanda mbio nikilia: chi-chi-chi-chi. Fupi, bila chumvi. Koko akitia maji motoni. Tonton akiingia, bugali inageuzwa. Nilifanya hivyo mvua na jua, miaka, mpaka siku zile koo langu lilipoanza kunisaliti, na karibu wakati huo huo tonton akauza kamio. Kuna mtu aliinunua kwa ajili ya vyuma vyake. Siku hizi tonton ana baiskeli na kazi ya kupeleka vifurushi, na baiskeli yake, ukitaka kujua, inalia, na hataki mtu aiguse.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyafikiri Jumapili, baada ya kucheka kwao kuisha. Mtoto wa dada akatoka nyuma ya pagne. Nikachuchumaa mbele yake.

"Weka ulimi hapa," nikamwambia. "Nyuma ya meno."

"Wiiiiii," akafanya.

"Hapana. Hiyo imelegea. Fupi. Na usiongeze kitu."

Akajaribu. Akatema mate. Akajaribu tena, huku ameshika senti yake, macho ameyakodoa kwa bidii. Ikatoka.

Chi. Chi-chi. Chi-chi-chi-chi.

Nyuma yetu koko, ambaye siku hizi hasikii kengele ya kanisa wala jina lake mwenyewe, aliinuka kwenye mkeka. Akachukua sufuria, akatia maji, akaiweka motoni, akatazama upande wa kona.

Ilikuwa saa tisa mchana, jua kali. Hakuna aliyemwambia kwamba kamio haipo tena. Tulikula bugali mapema siku ile.